Barua ya wazi kwa wanaosimamia jengo letu: hita ziwashwe kwa kupima joto la ndani, sio kwa kusubiri tarehe

KWA: Meneja wa jengo, Mwenyekiti wa bodi, na fundi mkuu wa boila

YAH: LINI HITA ZIWASHWE MSIMU HUU

Ndugu viongozi,

Nawasalimu kwa heshima zote, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kuamua kwamba hii ni barua ya ugomvi. Nimeshatuma imeili, nimejaza ile fomu ya matengenezo, nimepiga simu ofisini, nimeongea na fundi kwenye korido, na wapangaji wenzangu wamefanya hivo hivo, na kila mmoja wetu karudi na jibu moja tu, "tarehe bado." Basi leo nimeamua kuliweka hili jambo hadharani, ili na wenzetu wanaoishi kwenye majengo ya namna hii walisome, na nyie mlijibu mbele ya watu wote badala ya kumjibu mtu mmoja mmoja mlangoni.

Kwa wasiojua hali yetu: jengo lina boila moja kubwa kule chini, inachemsha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba mpaka kwenye radieta (zile hita za ukutani) za kila nyumba, alafu yanarudi chini yakiwa yamepoa yakachemshwe tena. Mpangaji ana vali tu ya kupunguza au kufunga radieta yake, hana namna ya kuiwasha kama boila imelala. Mtu mwenye nyumba yake anaamua mwenyewe, siku akiona baridi imezidi anagusa themostati (kidhibiti cha joto) mambo yanaisha, na akitaka kubana matumizi akae na masweta mpaka mwezi ujao ni hiari yake. Sisi hiyo hiari hatuna. Mnaamua nyie kwa niaba ya kila aliyemo humu kuanzia kichanga mpaka mzee, kwa hiyo uamuzi wenu lazima uwe na msingi ambao mtu akielezwa anaelewa.

Msingi mlionao sasa hivi ni tarehe kwenye kalenda, basi. Malalamiko yetu ni haya.

1. Kalenda haipimi baridi

Kuna mwaka joto linaendelea mpaka majani yote yamepukutika, na kuna mwaka upepo wa baridi unaingia mapema wakati watu bado wana mashati ya mikono mifupi. Nyie mnalijua hili kuliko sisi maana mmekaa na hili jengo miaka mingi. Sasa inakuwaje uamuzi ni ule ule kila mwaka?

Sisemi kwamba kuweka tarehe ni vibaya. Sehemu nyingi duniani zina tarehe, ila ukiangalia vizuri utakuta wameweka na kipimo pembeni yake. Chukua New York. Kule msimu wa joto la nyumba kisheria unaanza Oktoba 1 mpaka Mei 31, lakini sheria haikuishia kwenye tarehe, inasema kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, kama nje ni chini ya Farenhaiti 55 (kama digrii 13 za Selsiasi), ndani ya nyumba pasipungue Farenhaiti 68, yaani digrii 20. Na usiku ndani pasipungue Farenhaiti 62, kama digrii 17 hivi, haijalishi nje kukoje. Hiyo ya usiku naomba muisome mara mbili. Wameona kwamba mtu aliyelala hawezi kuamka kila saa kuongeza blanketi kwa mtoto, kwa hiyo wakaondoa sharti la hali ya hewa ya nje kabisa.

Urusi nako ambako majengo mengi yanapata maji ya moto kutoka kwenye mitambo ya mji mzima, hawaangalii kalenda, wanaangalia wastani wa joto la nje: ukikaa chini ya digrii 8 kwa siku 5 mfululizo, joto linatakiwa liwe limewashwa isizidi siku inayofuata. Na ndani ya vyumba wameweka digrii 18 kama kiwango cha chini, na 20 kwa vyumba vya kona. Kwa maoni yangu siku 5 ni nyingi mno kwa mtu mwenye kichanga, lakini angalau mpangaji akiuliza "lini?" kuna jibu analoweza kulifuatilia mwenyewe. Italia wao tangu 1993 wameigawa nchi kwenye kanda sita kwa ukali wa baridi, Milan ipo kwenye kanda inayoruhusiwa kuwasha Oktoba 15 mpaka Aprili 15 na sio zaidi ya saa 14 kwa siku, wakati Palermo kule kusini inasubiri mpaka Desemba 1 na inapata saa 8. Yaani hata waliong'ang'ania tarehe walikubali kwamba tarehe moja haiwezi kumfaa kila mtu.

Sizitaji hizi sheria kwamba zinawafunga nyie. Nazitaja kwa sababu mmetuambia mara nyingi kwamba "hakuna njia nyingine ya kuamua", na njia zipo, zinatumika kwa mamilioni ya watu.

2. Mnapima pasipo na baridi

Mkibanwa sana mnasema "lakini ofisini hapa mbona pako sawa." Ofisi yenu ipo upande unaopigwa na jua kuanzia asubuhi, ghorofa ya kati, katikati ya jengo, juu yake kuna nyumba, chini yake kuna nyumba, kushoto na kulia kuna watu. Ina kompyuta, printa, na watu wazima kadhaa siku nzima, na mtu mmoja aliyekaa tu bila kufanya kazi nzito anatoa joto la karibu wati 100. Hiyo ofisi itakuwa sehemu ya mwisho kabisa ya jengo kupata baridi.

Sasa nendeni kwenye nyumba ya kona ya ghorofa ya chini, upande wa kivuli. Kuta mbili zinatazama nje, sakafu iko juu ya stoo ambayo haina joto, jua haligusi dirisha mwezi mzima, na anayeishi mle ni mama mtu mzima peke yake, anapika kidogo kwa sababu anakula kidogo. Nyumba hiyo haina chanzo cha joto zaidi ya yule mama mwenyewe. Jengo ni lile lile na siku ni ile ile, lakini tofauti kati ya ofisi yenu na chumba chake cha kulala sio ya kubishana, mtu akiingia anaisikia mwilini.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, mimi mwenyewe nililielewa nilipoelezwa na mtu wa ujenzi. Jengo la matofali na zege linakaa na joto la kiangazi kwa muda, ndo maana siku za mwanzo za baridi ndani pako sawa hata kama nje pamebadilika, na ndo maana kuchungulia tu dirishani au kuangalia simu hali ya hewa ikoje hakutoshi. Wataalamu wanaokokotoa mahitaji ya joto la majengo wanalijua hili, wanahesabu kwamba nyumba inaanza kuhitaji hita pale nje panaposhuka chini ya digrii 15.5 kwa hesabu wanayotumia Uingereza, au Farenhaiti 65 yaani 18.3 kwa ile ya Marekani, kwa sababu jua, watu, taa na mapishi vinaongeza digrii kadhaa bure. Ila ule ni wastani wa jengo. Na zile kuta zikishaishiwa joto lake, hapo kibao kinageuka, maana sasa ukiwasha boila joto la kwanza lote linanyonywa na ukuta, zinapita siku kabla mtu hajasikia nafuu. Kusubiri mpaka kuta ziwe baridi kabisa ndo mnaita kubana matumizi, kumbe mnaahirisha deni.

3. Afya za watu

Hapa sitazunguka. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa nyumba na afya wa 2018 limependekeza digrii 18 kama kiwango salama cha chini cha joto la ndani kwa watu kwa ujumla msimu wa baridi, na likaongeza kwamba kwa wazee, watoto, na wenye magonjwa ya muda mrefu huenda likahitajika joto zaidi ya hapo. Tuelewane, 18 ni sakafu. Hairuhusiwi kushuka chini yake, haimaanishi kwamba ukifika hapo umemaliza kazi.

Mwili ukikaa kwenye baridi unabana mishipa ya damu ya kwenye ngozi ili joto lisitoke, presha inapanda, moyo unafanya kazi kubwa zaidi, na damu yenyewe inakuwa nzito kidogo. Kwa kijana mzima hayo yanapita. Kwa mtu ambaye tayari ana presha au moyo wake una shida, ndo njia ya kwenda kwenye shambulio la moyo au kiharusi, na kwa mwenye pumu hewa baridi inambana kifua. Mzee anaweza kuwa amepoa vibaya na asilalamike, kwa sababu uwezo wa kuhisi baridi unapungua na umri, kwa hiyo mkisema "yule mzee mbona hajalalamika" mjue kutolalamika kwake sio ushahidi wa chochote. Kichanga naye hatetemeki kama mtu mzima na hawezi kusema.

Humu ndani tuna wote hao. Tuna mama aliyejifungua hivi karibuni, anamlaza mtoto kifuani usiku kucha akiogopa kumweka kitandani kwake. Ameomba hita ziwashwe, akajibiwa avumilie.

4. Unyevu na kuvu, na lawama mnazotupa sisi

Hili ndo linaloniuma kuliko yote, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu kila mwaka mnatuandikia tangazo kwenye lifti mkisema kuvu kwenye kuta ni matokeo ya "tabia za wapangaji", yaani tunapika bila kufungua dirisha, tunaanika nguo ndani, tunaoga maji ya moto muda mrefu.

Hewa ya moto inabeba maji mengi, hewa ya baridi inabeba kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye digrii 20 inaweza kubeba mvuke wa kama gramu 17. Ikishuka mpaka digrii 15 inaweza kubeba kama gramu 13, na ikifika 10 ni kama gramu 9 tu. Sasa familia inapumua, inapika, inaoga, inafua, hayo ni maji lita kadhaa kila siku yanaingia hewani na hakuna mtu atakayeacha kupumua ili kulinda rangi ya ukuta. Nyumba ikiwa na joto, hewa inayabeba hayo maji na ukifungua dirisha yanatoka nayo. Nyumba ikiwa ya baridi, hewa inashindwa kuyabeba, yanaenda kukaa kwenye kioo cha dirisha, kwenye kona ya dari, na nyuma ya kabati pale ambapo ukuta ni baridi kuliko sehemu nyingine yoyote. Hata chumba chenye digrii 20 na unyevu wa asilimia 60, ambacho ni chumba cha kawaida kabisa, kinaanza kutoa matone kwenye kitu chochote kilichopoa mpaka digrii 12. Na kuvu hahitaji hata matone, unyevu pale ukutani ukikaa juu ya asilimia 80 muda wa kutosha tayari anaanza kuota.

Kwa hiyo mnapotuambia "fungueni madirisha", ni ushauri mzuri kama hita inawaka, kwa sababu hewa ya nje ya baridi ina maji machache, ikiingia ndani ikapashwa joto inakuwa kavu na inanyonya unyevu wa nyumba. Bila hita inaingia baridi, inabaki baridi, hainyonyi cha maana, na kuta zinazidi kupoa. Mnatutaka tukaushe nyumba na kitu cha kukaushia mmekifunga chini.

Na hii lawama ya tabia za wapangaji naomba muiache kabisa, kwa sababu inaua. Pale Rochdale, Uingereza, Desemba 2020 alifariki mtoto wa miaka 2 aliyekuwa anaishi kwenye nyumba yenye kuvu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika kwa miaka. Novemba 2022 afisa anayechunguza vifo alitoa uamuzi kwamba mtoto aliathirika mfumo wa kupumua kwa kukaa muda mrefu kwenye kuvu ya ile nyumba, na wenye kusimamia nyumba walikuja kukiri kwamba walikosea kudhania tu kuhusu maisha ya ile familia. Mwaka 2023 bunge likapitisha sheria ya kuwabana wasimamizi wa nyumba za kijamii (za kupangisha kwa bei nafuu) washughulikie hatari za namna hii kwa muda maalum. Sijasema nyie ni kama wao. Nasema sababu mnayotupa sisi ndo ile ile waliyopewa wale wazazi, na mliyaona mwisho wake.

5. Watu wanajiwashia moto wao

Boila ikichelewa watu hawakai wakaganda. Wananunua vihita vya umeme, kimoja kinakula wati 1,500 mpaka 2,000, kinachomekwa kwenye ekstensheni ile ile yenye friji na chaja, waya unapata moto, na kiko karibu na pazia au kitanda kwa sababu vyumba vyenyewe ni vidogo. Wengine wanaacha oveni wazi au jiko la gesi likiwaka ili papate joto. Moto unaokosa hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, mtu anasikia kichwa kinauma na usingizi, anajilaza, haamki. Na mtu akija kuingiza jiko la mkaa ndani ni kifo cha uhakika zaidi, wala sitaki kulifikiria.

Mnajua vihita vipo, mmeviona, mmetuandikia barua ya kuvikataza. Kuvikataza bila kuwasha boila sio usalama.

6. Siku ikifika nusu ya radieta hazifanyi kazi

Hii ni fupi. Kila mwaka boila ikiwashwa inagundulika pampu imekwama baada ya kukaa miezi bila kuzunguka, presha imeshuka, radieta za ghorofa za juu zimejaa hewa ziko moto chini na baridi juu, vali zimeganda. Fundi anaanza kuzunguka mlango kwa mlango wakati kila mtu anamhitaji siku moja, na mafundi wa nje nao wameshaitwa na majengo mengine yote. Hii kazi ya kutoa hewa kwenye radieta, kucheki presha na kuzungusha pampu inafanyika vizuri tu mwishoni mwa kiangazi wakati hakuna presha ya mtu. Namheshimu sana fundi wetu, anachapa kazi, tatizo hapangiwi kwa wakati.

Sababu mnazotoa, na majibu yetu

*"Gharama za mafuta zitapanda na nyie ndo mtalipa."* Ni kweli tutalipa, na tuko tayari kuongea gharama, ila tuziongelee zote. Shirika la Kimataifa la Nishati limesema kupunguza themostati kwa digrii 1 kunaokoa karibu asilimia 7 ya nishati ya kupasha joto. Sasa nyie wenyewe mnajua katikati ya majira ya baridi jengo linavochemka, watu wanafungua madirisha usiku na nje kuna barafu, kwa sababu ghorofa za kati zinafika digrii 25. Hapo ndo pesa inapopotelea dirishani. Punguzeni kule, hakuna atakayeumia, na hizo akiba zilipie hizi wiki za mwanzo ambazo nje hakujawa kubaya na boila haifanyi kazi kubwa. Mnabana mahali panapoumiza watu na mnaachia mahali pasipomsaidia mtu, na hilo kwa kweli sijawahi kulielewa.

Kuna na hili la kitaalamu. Boila yetu kwa maelezo ya fundi wetu mwenyewe ni ya kisasa, ile inayonasa na joto la mvuke uliomo kwenye moshi kabla haujatoka nje. Boila za aina hiyo zinafanya hivo vizuri pale maji yanayorudi kutoka kwenye radieta yakiwa chini ya digrii 55 hivi. Katikati ya baridi kali mnapeleka maji ya digrii 70 na zaidi, yanarudi bado ya moto, ule ufanisi unapotea. Lakini mwanzoni mwa msimu maji ya digrii 40 au 45 yanatosha kabisa kuondoa ubaridi, yanarudi yamepoa, na boila inafanya kazi kwa ufanisi wake wote. Yaani wiki mnazozikwepa ndo wiki ambazo hii mashine mliyoinunua kwa pesa nyingi inakula kidogo zaidi.

*"Ikishawashwa haizimwi, na joto likirudi mtalalamika."* Boila ikiwekewa kihisi cha nje inapunguza yenyewe joto la maji nje kukipata joto, na kukizidi inajizima, kukishuka inajiwasha. Fundi anasema kihisi kipo ukutani ila mtambo umewekwa kwenye mkono. Basi urudishwe kwenye otomatiki. Na anayesikia joto nyumbani kwake ana vali ya kufunga, anayesikia baridi hana cha kufungua, kwa hiyo ukilazimika kukosea, kosea upande ambao mtu ana namna ya kujisaidia.

*"Vaeni sweta."* Tumevaa. Sweta halikaushi ukuta na halimsaidii kichanga kupumua hewa ya digrii 14.

*"Tunalinda mazingira."* Nakubaliana na nyie kwamba kuchoma mafuta bila sababu ni vibaya. Ndo maana napendekeza kipimo, kwa sababu kipimo kinafanya kazi pande zote mbili, mwaka ambao joto limeendelea mpaka tarehe yenu imepita tutakuwa wa kwanza kusema boila isiwashwe, na vihita vingi vya umeme kwenye jengo zima havijawahi kulinda mazingira.

*"Wapangaji hamkubaliani, mmoja anataka mmoja hataki."* Ni kweli hatukubaliani, kijana anayekimbia asubuhi na mtu aliyetoka hospitali hawawezi kusikia sawa. Tukipiga kura wazee watashindwa kila mara maana wako wachache. Themometa haina upande.

Tunachoomba

1. Ziwekwe themometa kwenye nyumba tatu ambazo zinapoa mapema kuliko nyingine, ya kona ya chini upande wa kivuli, ya juu kabisa chini ya paa, na moja ya katikati upande huo huo wa kivuli, kwa ridhaa ya wenyewe, ziwe mbali na dirisha na radieta, usawa wa kifua. Wenyewe wapo, wameshakubali.

2. Moja kati ya hizo ikishuka chini ya digrii 18 usiku mbili mfululizo, boila iwashwe ndani ya saa 24, tarehe yoyote itakayokuwa. Ianze na maji ya joto la chini, kwenye otomatiki.

3. Nyumba yenye kichanga, mzee au mgonjwa mwenye cheti ikishuka chini ya 18 hata usiku mmoja, msisubiri wa pili.

4. Vipimo vya kila siku vibandikwe pale kwenye lifti, mahali pale pale panapobandikwa matangazo ya kutulaumu kuhusu kuvu, na hayo matangazo yatolewe.

5. Pampu, presha, vali na hewa kwenye radieta vikaguliwe kabla msimu haujaanza, kila mwaka, na mpangaji apewe karatasi kuonyesha nyumba yake imekaguliwa. Kwa mwaka huu tumeshachelewa, basi ukaguzi uanze wiki hii.

6. Hesabu za mafuta za msimu uliopita zitolewe kwa mwezi, tuone pesa ilienda wapi, tukae tuongee kuhusu kupunguza joto la katikati ya msimu.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 7. Mkikubali, kuna wapangaji wamejitolea kusoma themometa kila asubuhi na jioni bila malipo, mmoja wao ni mwalimu mstaafu, na tuna fundi wa umeme humu humu ndani amesema atasaidia kufunga. Mkikataa, tunaomba mtuandikie sababu kwa kila ombi, namba kwa namba, ili tujue tunapeleka nini kwenye ofisi inayosimamia nyumba za kupanga, maana huko ndo tutakapoenda baada ya hapa, tukiwa na vipimo vyetu ambavyo tumeshaanza kuviandika.

Leo alfajiri chumba cha yule mama mwenye kichanga kilisoma digrii 14.

Wenu katika ujenzi wa jengo letu,

Mpangaji wa ghorofa ya tatu, kwa niaba ya wapangaji waliosaini karatasi iliyoambatanishwa

Nakala: kamati ya wapangaji, ubao wa matangazo